Kosa Langu la Mwaka 2010

Nianze kwa kukiri kosa, kwa kuwa bila ungamo hilo sina haki ya kuandika juu ya mtu ninayetaka kumwandika.

Mwaka 2010, Chama Cha Mapinduzi kilipoendesha kura za maoni kumpata mgombea wake wa ubunge katika Jimbo la Ludewa, nilipiga simu nyumbani Mawengi mara tatu. Sikuwa mpiga kura wa Ludewa. Kadi yangu ilikuwa ya mjini ninakofundisha. Sikuwa mwanachama wa chama hicho pia. Hata hivyo, kwa ujasiri ambao wasomi tunao tunapozungumza na watu waliotulipia karo kwa mahindi na maharage, niliwaelekeza wazee wangu nani wa kumchagua. Mbunge aliyekuwapo, Profesa Raphael Mwalyosi, alikuwa mwanataaluma wa mazingira kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwangu hoja ilikuwa imekwisha. Jimbo lenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga lina mbunge profesa wa mazingira, mtamwachaje? Na huyo mshindani wake, Deo Filikunjombe, ana nini?

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye alikuwa na kadi ya chama, na mwaka ule ulikuwa wa kwanza kwa CCM kuwaruhusu wanachama wote matawini kupiga kura za maoni, badala ya wajumbe wachache wa mkutano mkuu wa jimbo. Akasema, “Mwanangu, wewe unatutafutia mwalimu. Sisi tunatafuta mtu wa kwenda kusema.” Nilikata simu nikiwa na masikitiko ya mtu anayeona nyumba yake ikiungua naye yuko mbali. Siku chache baadaye Filikunjombe alishinda.

Sitaki nieleweke vibaya. Profesa Mwalyosi sina neno baya juu yake, na makala haya si ya kuwapima wawili hao kwa mizani. Ninachokiri ni kitu kingine: kwamba nilidhani wasifu wa mbunge ni orodha ya shule alizosoma.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi moja. Nawaambia: andika kurasa mbili juu ya maisha na kazi ya mbunge wa jimbo ulikozaliwa. Zoezi linaonekana jepesi, nao hulifurahia. Karatasi zinaporudi, karibu zote zimeundwa kwa umbo moja. Aya ya kwanza ni kijiji alikozaliwa na kabila lake. Ya pili ni shule ya msingi, sekondari, chuo, shahada. Ya tatu ni vyeo. Halafu zinafuata kurasa zilizobaki, nazo zina kitenzi kimoja tu, kileta. Ameleta gari la wagonjwa, ameleta mabati, ameleta jezi za mpira, ameleta barabara, ameleta umeme. Ukisoma karatasi 60 za namna hiyo kwa usiku mmoja unaweza kudhani Bunge la Tanzania ni kampuni ya usafirishaji.

Ni mara chache sana nimekuta mwanafunzi aliyeandika mbunge wake alisema nini bungeni, alipinga nini, au siku ya kura alisimama upande gani. Na kumbukumbu zipo. Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, zimewekwa wazi. Anayetaka kusoma maneno ya mbunge wake neno kwa neno hahitaji kibali cha mtu.

Lakini wanafunzi wangu hawakujitungia umbo hilo. Wamelirithi. Katiba yetu, Ibara ya 63, inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Hakuna mahali inapotaja mabati. Ni sisi, kampeni baada ya kampeni, tuliomgeuza msimamizi kuwa mleta mizigo. Na tangu ilipotungwa Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo mwaka 2009, hata sheria imekubaliana nasi, ikimweka mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha ambazo yeye mwenyewe anapaswa kuwauliza wengine wamezitumiaje.

Kuna jambo jingine ambalo wasifu wa kawaida hauligusi, nalo ndilo uti wa mgongo wa kazi yenyewe. Ibara ya 67 inataja sifa za mtu anayeweza kuwa mbunge, nazo ni chache mno: awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Shahada haimo. Uprofesa haumo. Chama kimo. Na Ibara ya 71 inakamilisha kifungo: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti chake kinakwisha. Kwa hiyo mtu anachaguliwa na maelfu ya watu wa Manda, Mlangali na Mawengi, lakini kikao cha chama kikimvua uanachama, maelfu hao hawana tena mbunge. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, naye mtu wa Ludewa, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupinga kifungo hicho mahakamani. Jaji Lugakingira alimpa ushindi katika Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba kuuziba mlango. Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni suala la Bunge. Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha hapo hapo nchini mwetu, ikampa tena ushindi mwaka 2013. Mgombea binafsi hajaruhusiwa mpaka leo.

Ukishalijua hilo, swali la maana juu ya mbunge yeyote wa chama tawala linabadilika. Si “amesoma wapi?” Ni “siku chama chake na wapiga kura wake walipotofautiana, alifanya nini?” Wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na historia. Sisi wa Ludewa, kwa bahati au kwa balaa, tumewahi kuwa na wabunge wawili walioulizwa.

Wa kwanza alikuwa Horace Kolimba.

Nilikuwa sekondari mwezi Machi mwaka 1997. Masika ya kwetu ni ya ukungu unaoingia mpaka jikoni, na redio ilikuwa kitu cha kuketi nacho karibu na moto, betri zikiwa zimeanikwa mchana kutwa ili zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari ya saa mbili. Redio Tanzania ikasema Kolimba amefariki dunia Dodoma. Nilimwona mama akikaa chini. Hakuwa ndugu yetu.

Watu wa rika la wanafunzi wangu hawamjui Kolimba, na nikimtaja darasani naona nyuso zisizo na kitu. Kati ya mwaka 1990 na 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, katika miaka ambayo Tume ya Jaji Nyalali ilikusanya maoni, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na wabunge 55 wakasimama mwaka 1993 kudai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mambo hayo yalimgharimu. Mwalimu Nyerere, katika kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kilichochapwa Harare, alimlaumu yeye pamoja na Waziri Mkuu John Malecela kwa majina, akitaka waachie nafasi zao. Sijui kama kuna Katibu Mkuu mwingine wa chama hicho aliyewahi kupigwa kwa fimbo nzito kuliko hiyo, tena na mwasisi mwenyewe.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo atanyamaza, ale posho yake, azeeke. Badala yake Kolimba, akiwa sasa mbunge wa kawaida wa Ludewa, alisema hadharani kwamba chama chake kimepoteza dira. Aliitwa Dodoma kujieleza mbele ya vikao vya juu vya chama. Akiwa huko huko, katika shughuli hiyo ya kujieleza, hali yake ilibadilika ghafla, akapelekwa hospitali, akafariki. Maneno mengi yalisemwa baada ya hapo, nayo yanaendelea kusemwa kila ulanzi unapoiva. Sitayarudia, kwa sababu uvumi ulitusaidia kusahau kitu ambacho hakikuwa uvumi. Hakuna aliyejibu hoja yake. Dira ilikuwa imepotea au haikupotea? Tulizika mtu na swali lake kaburi moja.

Naweza kusema kwamba nyumbani kwetu somo lililobaki lilikuwa la woga. Baba yangu, ambaye hakuwa mwoga kwa asili, alianza kusema kwamba mbunge mzuri ni yule anayekaa vizuri na wakubwa. Ukikaa nao vizuri, barabara itakuja. Nadhani hata mimi, pamoja na vitabu vyangu vyote, nilibeba somo hilo mpaka 2010 bila kujua. Profesa nilimpenda kwa sababu alikuwa mtulivu.

Basi Filikunjombe akaenda bungeni.

Spika wa Bunge hilo la Kumi alikuwa Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho katika nchi yetu, aliyekuwa ameingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1975. Nataja hili kwa sababu liliwafanya watu wa kwetu waangalie Bunge kwa jicho la nyumbani. Mkoa wenyewe wa Njombe ulikuwa bado haujazaliwa. Ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kitini alikaa binti wa Njombe, na katika viti vya nyuma vya chama chake alikaa kijana wa Ludewa, na haukupita muda kabla hawajajikuta pande mbili za jambo moja.

Ilikuwa Aprili 2012. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imewakasirisha wabunge wa pande zote, na mawaziri waliotajwa hawakuonyesha dalili ya kuondoka. Zitto Kabwe, wakati huo wa CHADEMA, akaanza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba, katika Ibara ya 53A, inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Hiyo ilikuwa saini zipatazo 70. Wapinzani kusaini hakukuwa habari. Habari ilikuwa kwamba jina la mbunge wa Ludewa, wa CCM, lilikuwa kwenye karatasi. Spika aliwaambia kwamba Katiba inataka taarifa ya siku 14 na mkutano ule wa Bunge ulikuwa unakwisha. Kisheria alikuwa na hoja, na hoja ile haikujadiliwa kamwe. Lakini karatasi ilikuwa imefanya kazi yake. Mwanzoni mwa Mei, Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakaachwa nje.

Nilimpigia simu baba mkubwa. Nilitegemea atanicheka. Aliniuliza tu, “Sasa watamfukuza?” Hakuuliza kama mawaziri wameondoka. Aliuliza kama kijana atafukuzwa. Yeye alikuwa anaikumbuka 1997 kuliko mimi.

Hawakumfukuza. Miaka miwili baadaye likaja jambo kubwa zaidi.

Kwa msomaji kijana nieleze kwa ufupi. TANESCO ilikuwa ikinunua umeme wa IPTL, mtambo wa Tegeta, kwa mkataba uliolalamikiwa tangu mwanzo. Pande hizo zilipogombana juu ya gharama, mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu, ya Escrow, ili malipo yakae humo mpaka mgogoro uamuliwe. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha zile zilitolewa na kukabidhiwa kwa kampuni ya PAP, iliyodai kuinunua IPTL. Zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Serikali ilisema si fedha za umma. Suala likapelekwa kwa Mkaguzi Mkuu na TAKUKURU, na matokeo ya ukaguzi yakafikishwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC. Mwenyekiti wake alikuwa Zitto Kabwe. Makamu Mwenyekiti alikuwa Deo Filikunjombe.

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. PAC huongozwa na mpinzani, na kwa hiyo magazeti yaliandika kana kwamba ni upinzani ulioiumbua Serikali. Lakini wajumbe wengi wa kamati yoyote ya Bunge letu wanatoka chama tawala. Taarifa ya PAC isingefika ukumbini ikiwa na meno kama wajumbe wa CCM wasingeweka mikono yao juu yake. Na isingesikilizwa kama Makamu Mwenyekiti, mtu wa CCM, asingesimama kuitetea mbele ya wenzake. Mwenyekiti alipokuwa anazungumza, benchi la Serikali liliweza kujiambia kwamba huyu ni mpinzani, ndiyo kazi yake. Makamu alipokuwa anazungumza, hawakuwa na pa kukimbilia.

Nilikuwa katika chumba cha walimu, mwishoni mwa Novemba 2014. Mtu aliweka runinga juu ya kabati na tukasahau vipindi vyetu. Nililisikia jina la nyumbani, “mbunge wa Ludewa”, likitajwa na watu wasioweza kuionyesha Ludewa kwenye ramani. Mwenzangu mmoja, mtu wa sheria, aliniuliza: “Huyu mtu wenu amesoma wapi?” Nikafungua mdomo kujibu, nikaufunga. Lilikuwa swali langu mwenyewe la 2010, likinirudia kwa sauti ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza nililisikia jinsi lilivyo dogo.

Bunge lilipitisha maazimio yake. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu. Waziri wa Ardhi, Profesa Anna Tibaijuka, aliondolewa. Na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, naye akajiuzulu. Msomaji atakuwa ameona kwamba miongoni mwa waliong'oka walikuwamo maprofesa wawili. Sisemi zaidi ya hapo. Mimi pia naishi na watu chuoni.

Usiku wa tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya Uchaguzi Mkuu, helikopta aliyokuwamo Filikunjombe, ikirushwa na Kapteni William Silaa, ilianguka ndani ya Pori la Akiba la Selous. Alikuwa anatoka Dar es Salaam kurudi jimboni kuendelea na kampeni. Wote waliokuwamo walifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na michache. Uchaguzi wa mbunge wa Ludewa uliahirishwa kama sheria inavyotaka mgombea anapofariki, ukafanyika Desemba, na chama kile kile kikashinda.

Kwa hiyo jimbo moja la milimani, katika muda wa miaka 18, lilizika wabunge wawili wa CCM waliokuwa wameikosoa CCM ikiwa madarakani. Najua fikra inakokwenda mtu anaposoma sentensi hiyo, na naomba isiende huko. Mmoja aliugua kikaoni, mwingine alianguka na ndege. Kinachonisumbua mimi si jinsi walivyokufa. Kinachonisumbua ni kwamba walipokufa hawakuacha kitu kinachorithiwa. Mbunge anayeleta barabara, akifa barabara inabaki. Mbunge anayesema, akifa anabaki nini? Bunge halikubadili kanuni zake ili mbunge wa chama tawala aweze kusema bila kuhatarisha kiti. Katiba haikubadilishwa. Aliyefuata, na atakayemfuata, anaanza pale pale, na Ibara ile ile ya 71 ikiwa imening'inia juu ya kichwa chake.

Nilipeleka swali hilo nyumbani.

Safari ya Mawengi siku hizi si ile tuliyoizoea. Unashuka Makambako, mahali reli ya TAZARA inapopishana na barabara ya Songea, unakula mahindi ya kuchoma yanayouzwa dirishani mwa basi, unafuata lami mpaka Itoni, kabla ya mji wa Njombe. Hapo unakunja kulia kuelekea Ludewa na Manda. Zamani hapo ndipo safari ilipoanza kuwa dua. Kuanzia Lusitu milima ilikuwa inateleza kama sabuni, na nimewahi kulala njiani siku mbili na mgonjwa ndani ya gari. Sasa kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kuna barabara ya zege. Si lami, ni zege nene, kwa sababu ya mvua na miinuko ya kule. Matairi yanatoa mlio wa namna yake juu yake, mlio mkavu, na abiria wageni huinua vichwa.

Ndani ya basi watu walikuwa wanabishana ni mbunge gani aliyeileta. Mmoja alimtaja Filikunjombe, kwamba ndiye aliyeipigia kelele. Mwingine alisema kelele si zege, aliyepata fedha ni yule aliyefuata. Wa tatu alisema ni huyu wa sasa. Hakuna aliyetaja kodi. Nilitamani kusema kwamba barabara kuu haziletwi na mbunge, zinapangwa katika bajeti na kujengwa na Wakala wa Barabara, lakini nikakumbuka simu zangu za 2010, nikanyamaza.

Baba mkubwa amezeeka. Nilimkuta barazani amejifunika koti, taa ikiwaka ndani. Umeme wa Mawengi una historia yake: haukuja kwanza kwa nguzo za TANESCO, ulitoka kwenye mto wetu wenyewe, kwa mtambo mdogo uliojengwa kwa ushirikiano na shirika la Kiitaliano la ACRA na kusimamiwa na jumuiya ya watumiaji, LUMAMA. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto. Baadaye nikamweleza ninachotaka kuandika: Kolimba, saini za 2012, Escrow.

Alinisikiliza kama alivyonisikiliza kwenye simu, mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Hiyo Escrow ilikuwa fedha za umeme?”

“Za umeme, baba.”

“Umeme ambao wakati ule sisi hatukuwa nao.”

Nikasema ndiyo, karibu ni hivyo.

“Sasa mwanangu, aliposema, sisi Mawengi tulipata nini?”

Nilijaribu. Nilimweleza kwamba fedha za umma zikichotwa Benki Kuu, hata zahanati ya Mawengi inachotwa. Nilimweleza kwamba waziri akijua ataulizwa anaogopa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe: sisi tunatafuta mtu wa kwenda kusema. Akatikisa kichwa. Alisema hayo ni kweli, lakini mkataba wa Mchuchuma na Liganga na wale Wachina wa Sichuan Hongda ulisainiwa mwaka 2011, Deo akiwa bungeni, na alipokufa hakuna tani moja ya chuma iliyokuwa imetoka ardhini, na watu waliozuiwa kuendeleza mashamba yao walisubiri fidia mpaka mwaka 2023. “Alisema, na alisema vizuri. Wangapi walisema pamoja naye? Mtu mmoja akisema peke yake, ni kama anayebisha hodi kwenye nyumba kubwa. Watu wa ndani wanaweza kungoja achoke.”

Nikamwuliza kama, kwa kujua hayo, leo angempa kura profesa.

Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. “Hapana. Ningempa Deo. Lakini nisingerudi kulala.” Akaeleza kwamba baada ya kura za maoni za 2010 waliona kazi yao imekwisha. Hawakumwandikia barua hata moja. Hawakumwita kuja kueleza kwa nini alisaini karatasi ya Zitto. Walisikia redioni, wakafurahi, wakaenda shamba. Hata mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe, wao walikuwa hawauhudhurii. “Tulimpeleka akawaulize mawaziri hesabu. Sisi wenyewe mtendaji hatumwulizi.”

Nilikuwa na daftari mapajani. Sikuandika kitu.

Baadaye, tulipokuwa tumekwisha kula, alirudi kwenye jambo ambalo nilidhani ameshalisahau. Aliniuliza kama wale wanafunzi wangu ninaowapa kazi ya kuandika juu ya wabunge nimewahi kuwaambia kwamba mimi mwenyewe nilimkataa Filikunjombe, na kwa sababu gani.

“Bado, baba,” nilisema.

Akasogeza kiti karibu na moto, akaanza kuniuliza mfuko wa mbolea ya kupandia unauzwaje huko mjini.